Baba Alivyomla Malkia Wangu

Jumapili jioni ninapopiga rangi viatu vya mwanangu, nikishafungua tu kile kikopo cha rangi nyeusi, nasikia harufu ya chesi. Wengine harufu hiyo inawakumbusha mstari wa asubuhi na mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Mimi inanikumbusha farasi, ngome na maaskofu, kwa sababu Mwalimu Shaabani alikuja Kibondo na kete za chesi zilizokuwa nyeupe zote, za pande zote mbili. Alikuwa ameunganisha seti mbili pungufu. Badala ya kutafuta rangi ya maana, alichukua nusu yake akazipaka rangi ya viatu kwa brashi, akazianika kwenye dirisha la ofisi ya walimu, akaridhika. Rangi ile haikukauka mpaka alipohama. Aliyecheza upande wa nyeusi ulimjua kwa vidole, kwa kola ya shati, na kama alikuwa mtu wa kujishikashika uso, kwa pua. Nilimlalamikia Mwalimu mara nyingi. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha Tanga, polepole kama anayebembeleza mtoto mchanga, "Mwanangu, chesi si ukaguzi wa usafi," na mimi hilo sikuliona kuwa jibu.

Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa afisa mifugo, mtu wa Singida aliyeletwa Kibondo kikazi kabla sijazaliwa, na tulikaa kwenye nyumba za watumishi, zile za mabati yenye kutu karibu na barabara. Mama alikuwa muuguzi. Mwanzoni mwa mwaka ule alihamia Kasulu. "Uhamisho," walisema watu wazima, nami sikuuliza zaidi, maana sisi watoto wa watumishi neno hilo tulikua nalo. Kila mara kulikuwa na rafiki aliyepakiwa kwenye lori pamoja na makochi yao. Mama alichukua cherehani yake, masufuria yake na godoro dogo. Picha ya harusi aliiacha ukutani, nikadhani ni kwa sababu ina kioo na barabara ya Kasulu wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Kila Ijumaa alipiga kwenye simu ya baba, na baba alinipa simu bila kuiweka sikioni mwake. Mama aliniuliza kama nimekula, na nani ananisuka, kisha akamalizia kwa maneno yale yale: "Ukija huku utaona." Hakusema nitaona nini. Nilitaka kwenda Kasulu kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote.

Klabu ya chesi ilikutana Jumamosi darasani kwetu, baada ya kumwagilia maua. Nikwambie ukweli, wenzangu walikuwa wananitia wazimu. Wote walikuwa wamelelewa na drafti. Kibondo drafti ilichezwa kila palipokuwa na kibaraza na vizibo vya soda, na mtoto aliijua kabla ya kujua kusoma. Sasa kwenye drafti kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa vibaya unaila, upende usipende, hata kama unaona kabisa kwamba ukishaila utaliwa wewe tatu. Tena mchezaji mzuri hagusi kete zake za nyuma. Anaziacha zilinde nyumba, mwenzake asipate pa kuingia na kuwa kingi. Na anapenda kete za pembeni, kwa sababu za pembeni hazirukiki. Akili hizo wakazileta kwenye chesi kama zilivyo. Walisukuma askari wa pembeni, wakawaacha farasi na maaskofu wamelala nyuma, na ukimtegea mtu hata askari mmoja, alikuwa ameshamla kabla hujarudisha mkono.

"Lakini kajileta mwenyewe!" alilalamika Anatoli kila alipofungwa. Anatoli alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Mabamba, kule mpakani, na aliishi mjini kwa shangazi yake. "Kajileta, mimi nifanyeje?"

"Umwache," nilimwambia.

"Nimwache wakati kajileta?"

Hapo ndipo nilipotamani kumpiga kwa ubao. Mwalimu Shaabani alinikemea kwa hasira zangu za karibu. "Usimgombeze," alisema. "Muadhibu. Kosa la mwanzo wa mchezo huadhibiwa papo hapo. Ukimsubiri, atajifunika, halafu utahangaika naye mpaka adhana ya magharibi." Ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Alitufundisha kutoa farasi wote wawili mapema, kumtoa askofu, kisha kutazama mwenzako amekosea wapi, na ukishaona umkate hapo hapo. Nilikuwa mwepesi wa kuona makosa ya watu. Hata mume wangu atakwambia.

Kisha shule moja ya Kasulu ikaialika klabu yetu. Mwalimu alichagua wachezaji wanne, jina langu likiwa la kwanza, akasema kila mmoja akaombe ruhusa kwa wazazi. Nilikimbia njia nzima. Baba alikuwa uani ananoa kisu, akaniambia hapana.

"Kwa nini?"

"Nimesema hapana, mama." Alikuwa akiniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Si nitalala kwa mama tu, kesho yake narudi na wenzangu."

Aliinua kisu akakitazama makali kwenye jua, kisha akaendelea kunoa. Siku iliyofuata Mwalimu Shaabani alikuja mwenyewe. Alikaribishwa chai na muhogo wa kuchemsha, na kila alipotaja Kasulu, baba alimweleza habari za ugonjwa wa miguu na midomo, unavyoanza, unavyoenea, na jinsi wafugaji wanavyoficha ng'ombe wagonjwa. Mwalimu aliondoka akiwa anajua mengi sana juu ya ng'ombe. Mimi nilibaki nimenuna jikoni, nikijiambia kwamba baba ananionea wivu kwa sababu mimi nitamwona mama na yeye hatamwona. Ndivyo nilivyofikiri. Nilidhani naye alikuwa anataka kwenda, ila kazi inambana.

Mwalimu hakukata tamaa. Alijua kwamba mtu aliyekataa jambo nyumbani kwake anaweza kuulizwa tena kijiweni, mbele za watu, na kule hawezi kujificha nyuma ya ng'ombe. Kijiwe cha baba kilikuwa kwenye kibaraza cha duka la Mzee Nyandwi, muuza vipuri vya baiskeli. Mzee Nyandwi alitoka Burundi akiwa kijana, akalima, akafanya biashara, akapewa uraia, na watoto wake walikuwa Watanzania wanaoshangilia timu za Dar kuliko sisi. Kibarazani pale baba alikuwa hafungiki. Watu walitoka mpaka Kakonko kuja kujaribu, wakarudi wamenyamaza. Jioni moja nilikuwa nimetumwa kumpelekea funguo, nikamkuta Mwalimu keshafika, amekaa kwenye gurudumu la trekta, na shauri langu liko katikati ya watu.

"Afisa, mtoto unamunyima safari juu ya nini?" Mzee Nyandwi alikuwa akiuliza.

Baba alipanga vizibo vyake. "Hajui kucheza. Ataenda kututia aibu."

"Anajua," akasema Mwalimu. "Ndiye bora niliye naye."

"Ego, ndiyo! Basi si mambo yamekwisha?" Mzee Nyandwi akapiga mikono. "Umupime mwenyewe, afisa. Muchezee hapa hapa huo mchezo wenu wa mapadri na farasi. Akikufunga, aende. Akishindwa, akae na wewe. Sisi tuko mashahidi."

Kibaraza kizima kikaitikia. Nilimtazama baba nikitegemea akatae, maana hakuwa mtu wa kusukumwa, lakini alikubali upesi, upesi kuliko nilivyotarajia. "Sawa," akasema. "Akinifunga, aende. Nikimfunga, neno Kasulu nisilisikie tena nyumbani kwangu."

Nilifurahi nikataka kucheka. Chesi baba alikuwa amefundishwa na mimi, jioni kadhaa tu, kwenye meza ya kulia, na Mungu ananiona jinsi nilivyoteseka. Alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko Anatoli. Kati ya kete zote alimpenda askofu peke yake, kwa kuwa askofu anakwenda mshazari kama kingi wa drafti. Farasi alimwita mlevi. Nilimwambia mara ngapi kwamba kwenye chesi kula si lazima, unaweza kuona kitu kimejileta ukakiacha. Alitikisa kichwa akaniambia mchezo ambao mtu anaruhusiwa kukataa kula ni mchezo wa watu walioshiba.

Tulicheza kesho yake, Ijumaa jioni, juu ya kreti la soda lililofunikwa ubao wa Mwalimu. Nilipewa nyeupe. Baba alikaa nyuma ya zile kete zake zilizopakwa rangi ya viatu, mikono ya shati ameikunja kama anayekwenda kuzalisha ng'ombe. Watu walisimama mpaka barabarani. Nilidhani tutacheza kwa utulivu kama klabuni, lakini kibaraza cha drafti hakijui utulivu. Kila mtu alikuwa na ushauri, na waliozidi kushauri ni wale ambao hawakuwahi kuiona chesi tangu wazaliwe.

Nilifungua na askari wa mbele ya mfalme, naye akaleta wa kwake akakutana na wangu katikati. Alimleta kwa kumgonga. Wachezaji wa drafti wanaigonga kete chini ilie, mwenzako ashtuke, na baba alikuwa bingwa wa kugonga. Kizibo cha soda unaweza kukigonga, hakianguki. Kete ya chesi ina shingo. Aliposhusha mkono, mfalme wake, farasi mmoja na ngome yangu wakalala chali, na tukaanza kubishana nani alikuwa amesimama wapi.

"Baba, weka taratibu."

"Nimeweka."

"Umegonga."

"Mwache afisa agonge!" wakapiga kelele. Mwalimu akainama akazisimamisha moja moja, vidole vyake vikibaki vyeusi.

Nikatoa farasi wa kwanza. Baba akasogeza askari mwingine amlinde yule wa katikati, akagonga, ngome ikaanguka. Nikamtoa askofu, akae akimkodolea macho askari aliye ubavuni mwa mfalme wake. Hapo mtu yeyote wa klabuni angeona hatari ikija. Baba akasukuma askari wa pembeni kabisa, hatua moja, akajiegemeza nyuma kwa kuridhika, na kibaraza kikamsifu kwa kulinda pembeni. Kosa lenyewe hilo. Nikatoa farasi wa pili. Farasi wake, malkia wake, ngome zake, wote walikuwa wamesimama pale walipopangwa, wanalinda nyumba.

"Mutoe huyo padri wako!" akashauri Mzee Nyandwi. "Akabane mutu!"

Baba akamtoa askofu, kipenzi chake, akampeleka mshazari mpaka kumkabili farasi wangu. Nyuma ya farasi huyo alikuwa malkia wangu. Farasi akiondoka, malkia analiwa. Watu waliona, wakaguna kwa raha. "Kambana! Kambana!" Hata mimi nilisikia joto masikioni. Nilimtazama Mwalimu, akawa anatazama baiskeli zilizoning'inia dukani kama mtu asiyehusika. Ndipo nikaona. Nilimchukua farasi wangu aliyebanwa nikamtoa pale, akamla askari wa baba katikati ya ubao, na malkia wangu akabaki wazi kabisa mbele ya askofu.

Kelele zilizotoka hapo sijazisikia tena. "Mle! Mle malkia! Kula lazima!" Mzee Nyandwi alikuwa amesimama anapiga mapaja yake. "Yoo, mutoto amejimaliza!" Baba hakuwasikiliza. Aliinama juu ya ubao muda mrefu, akajipangusa paji la uso na kuliachia alama nyeusi. Akanitazama. Akautazama tena ubao, halafu akamla malkia wangu na kumgonga askofu wake chini kwa nguvu zote, ubao ukaruka. Mwalimu akasimamisha zilizoanguka. Nikangoja kila moja irudi mahali pake, maana sikutaka mtu aje kuniambia baadaye kwamba nilisogeza kitu.

Kisha askofu wangu akamla yule askari wa ubavuni, mfalme wa baba akawa hatarini. Pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu, hatua moja mbele, akaenda. Nikamleta farasi wa pili. Basi. Mfalme hakuwa na mlango. Kila upande kulikuwa na mtu wangu anayemngoja au mtu wake mwenyewe aliyemziba, malkia wake na askofu wake wa pili, wamesimama pale pale walipoambiwa walinde nyumba.

"Tayari," akasema Mwalimu.

"Tayari nini?" wakauliza. "Si ana malkia bado? Mtoto hana malkia!" Ilibidi Mwalimu awaonyeshe kwa kidole, nafasi moja baada ya nyingine, na walipoelewa, kicheko kilianza nyuma kabisa kikaja mbele. Baba hakucheka. Alianza kupanga kete upya, haraka, akizikosea. "Tupange tena," akasema. "Hiyo ilikuwa ya kujaribu."

"Oya, hapana, afisa. Umefungwa," akasema Mzee Nyandwi.

"Moja haitoshi. Drafti tunacheza tano."

"Tulikubaliana akikufunga, aende. Mwana wanje, nenda kafungashe."

"Nimesema tupange tena!" Sauti yake ilipanda ghafla. Alikuwa ameshika mfalme mkononi, alama ya rangi usoni, na nilimwonea aibu. Nilimkasirikia kuliko siku zote. Mtu mzima, bingwa, anashindwa kukubali kwamba amefungwa na mwanawe! Nilichukua funguo za nyumba nikaondoka bila kuaga, nikakunja nguo zangu mbili kwenye mfuko, nikalala nazo.

Alfajiri alinisindikiza mpaka kwenye gari. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kwetu ile ya kuuma meno. Alinivalisha sweta lake juu ya langu, akanipa mayai ya kuchemsha kwenye karatasi, akaniambia nimheshimu Mwalimu. Nilikuwa bado nimenuna. Gari lilipoanza kutembea nilikuwa nagombana na Anatoli juu ya nani akae dirishani.

Kasulu tulicheza, tukafungwa vizuri tu, mimi nikashinda mchezo mmoja. Mama alinijia uwanjani. Nilimkumbatia nikalia mpaka pua ikaziba, naye akanipeleka kwenye chumba alichopanga, nikaiona cherehani yake, nikayaona masufuria yetu. Kitandani kulikuwa na sweta la shule, jipya, la kijani. La shule yetu lilikuwa jekundu. Akaniambia nilijaribu.

"La nani?"

"La kwako. Jumatatu unaanza shule hapa."

Nikamwambia kwamba Mwalimu anaondoka kesho asubuhi, kwamba nimeacha daftari zangu, kwamba baba ananingoja. Mama alikaa kitandani akanivuta. Akanieleza kwamba hakuna aliyemhamisha. Uhamisho aliuomba mwenyewe, kwa sababu yeye na baba walikuwa wameachana, neno ambalo hakuna aliyelisema mbele yangu mwaka mzima. "Na baba yako nilishamwambia kwenye simu, ukiwa shuleni," akasema, "mtoto akifika huku harudi. Anajua. Kakuruhusu mwenyewe."

"Hakuniruhusu. Nimemfunga."

Mama akacheka kidogo, kwa upole. "Baba yako? Umfunge wewe? Kakuachia, mwanangu. Aliona ni bora uje."

Mwalimu Shaabani alirudi Kibondo na watoto watatu. Sijui alimwambia baba nini.

Tangu hapo nimelisikia neno hilo mpaka limenichosha. Kakuachia. Shangazi zangu wanalisema kwa machozi, kana kwamba wanamsifia marehemu, na baba yu hai, amestaafu, anafuga kuku Singida. Mume wangu, ambaye hajui hata farasi anakwendaje, ananieleza habari ya ule muda mrefu baba aliotazama ubao: eti hapo ndipo alipoamua. "Baba gani amfunge mwanawe?" ananiuliza, anatabasamu, na wote wanaafiki kwa sababu ni hadithi nzuri. Mimi nilikuwepo. Niliuona ule mkono ulivyoshuka. Angeendelea kunikatalia tu safari, angelazimika siku moja kuniambia sababu. Kwenye ubao hakuhitaji sababu, alihitaji kushinda, na alizoea kushinda.

Nilimuuliza mara moja tu, kwa simu, mwaka huu, baada ya mabishano kama hayo mezani. Nilimwuliza waziwazi kama siku ile aliniachia. Alinijibu amekasirika, kwa sauti ile ile ya kibarazani.

"Nani kasema upuuzi huo? Baba gani ajifungishe ili mwanawe aondoke?"